Viruwiji Wawili na Kichaka cha Makaburini

Kwaru, kwaru, kimya. Kwaru, kwaru, kimya. Sauti hiyo naisikia hadi leo kana kwamba iko nyuma ya mlango. Ilikuwa inatoka ndani ya kichaka kule Vihingo, safari yangu ya kwanza ya porini, nami nikadhani ni mtu anayenyata juu ya majani makavu. Nikamshika mkono Mzee Kondo, aliyekuwa ananifundisha kazi.

"Mzee, kuna mtu mle."

Akacheka bila kutoa sauti, kama wanavyocheka watu wa porini. "Mtu gani? Huyo mtu wako ukimweka kwenye mizani ya duka, mizani haisogei."

Akanisogezea tawi, nikamwona. Ndege mdogo kama ngumi, kijivu mgongoni, ubavuni rangi ya chungwa, anapekua majani kwa mdomo, anasimama kusikiliza, anapekua tena. Kiruwiji. Nilikuwa nimekwisha kuwashika wengi kama yeye kabla ya siku ile, ila wote walikuwa wamekufa.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoendelea na kazi ya ngozi za ndege, huko mlikohamishiwa pamoja na makabati yetu. Mimi nimestaafishwa. Sisemi nimestaafu, maana kustaafu ni kwa wazee, na mimi meno yangu yote yapo na ndoto zangu karibu zote. Kituo chetu cha Kibaha kimefungwa kwa hali ngumu, basi. Habari za vyeo na mishahara siziandiki: vyeo havikunijia, na mshahara ulikuwa ukifika umechoka njiani.

Nilianza miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa binti wa Visiga, darasa la nane, baba mkulima wa mihogo na mikorosho. Uhuru ulikuwa umetupa ruhusa ya kuota, na mimi niliitumia yote. Niliposikia kuna kituo kidogo cha kuchunguza ndege wa porini kinamtaka msichana wa usafi anayejua kusoma, nikaona wazi kabisa nitakavyokuwa nikiwalisha asubuhi, wamejaa mabegani. Siku ya kwanza nilikwenda na mtama kwenye fundo la khanga.

Mzee Kondo akalifungua lile fundo. "Huu wa nani?"

"Wa ndege, Mzee."

"Ndege wetu hawali, mwanangu," akasema, akavuta droo.

Walikuwa wamelala chali, safu kwa safu, mabawa yamebanwa ubavuni, machoni pamba nyeupe, miguu imefungwa uzi na kipande cha karatasi ngumu. Harufu ya dawa ya nondo ikanipanda puani. Nikalia. Mzee Kondo akangoja mpaka nimalize, hakunibembeleza wala hakunikaripia. Kisha akauchukua ule mtama akaenda kuwamwagia kuku wa jirani. "Usipotee bure," akasema. Hivyo ndivyo nilivyoanza.

Kazi yenyewe mnaijua, lakini hamkufundishwa na Mzee Kondo, kwa hiyo vumilieni. Vifaa vyake vilikaa kwenye kopo la maziwa: wembe, mkasi mdogo wa mkunga, koleo, sindano, uzi. Pembeni pamba, vijiti vya kuchonga, sabuni ya sumu ya kupaka ngozi kwa ndani. "Ukimaliza kunawa, nawa tena," alikuwa akisema, "halafu ndiyo unawe." Damu tulikausha kwa unga wa sembe, mpaka ilipokuja ile miaka ya foleni za unga, mama mmoja akachungulia dirishani akatuona tunamnyunyizia unga ndege mfu. Alisimama tu akitutazama. Toka siku hiyo tulitumia vumbi la mbao kutoka kwa seremala.

Kuua ndiko kulikonishinda muda mrefu. Ndege akinaswa wavuni anashikwa kifuani kwa vidole viwili chini ya mabawa, unabana, moyo unaacha. Hakuna damu, hakuna kelele. Mzee Kondo alikuwa akigeuza uso pembeni kila mara, miaka yote. Nilimuuliza kama hajazoea.

"Nikizoea nitaacha kazi," akasema.

Na lebo. Lebo ya mguuni huandikwa kabla wembe haujagusa ngozi, kwa wino, na kilichoandikwa hakifutwi. Jinsia, tarehe, rangi ya macho, rangi ya mdomo, mahali. Kuhusu mahali, kanuni tuliyoirithi kwa mkuu wa zamani ilikuwa moja: andika pale ndege alipofia, si pale unapodhani anakaa. Ilikuwa kanuni ya enzi za bunduki. Ndege akipigwa risasi huanguka hapo hapo alipo, basi hakuna maneno. Sisi tukaingia enzi za wavu, bunduki ikarudishwa stoo, kanuni ikabaki.

Sasa viruwiji. Wako wa aina mbili kwetu, ndugu wa karibu mno, na nilipofika walikuwa wamechanganywa kwenye droo moja. Wa kwanza ni kiruwiji wa miombo, ile misitu ya miti iliyoachana. Huyu mnamwona hata kando ya njia, anakimbia kidogo kwenye uwazi, anasimama wima kifua mbele kama mgambo. Koo lake jeupe, safi, lina michirizi miwili tu myeusi inayoteremka toka mdomoni, kila upande mmoja, kama masharubu yaliyokosa adabu. Wa pili ni kiruwiji wa vichakani. Koo lake lote lina mistari mistari, kama mtu aliyekunywa uji wa moto ukamwagikia. Na kuzunguka jicho hana manyoya: ni ngozi tupu, ya njano inayokaribia chungwa, pana. Ukimtazama usoni unaona mtu aliyelia mpaka kukakucha. Huyu hatoki nje. Anakaa kwenye vichaka vizito, chini, gizani, na kwaru kwaru yake.

Shida ni kwamba lile jicho halidumu. Ndege akifa, kabla jua halijazama ile njano imekuwa kahawia, na baada ya wiki ni ganda tu. Ndiyo maana watu wa zamani waliwaweka droo moja: walikuwa wanawatazama wafu. Mimi na Mzee Kondo tulikaa msimu mzima wa masika, mvua inapiga bati, tunawatenga kwa koo, mmoja huku, mmoja kule. Nilifurahi sana masika yale. Niliona kama nimewarudishia majina yao.

Likabaki swali moja, na lilikuwa la Ndugu Temba, mkuu wetu mpya. Kijana kutoka Kilimanjaro, msomi, mpole, mwenye haraka. Alitaka kujua kama hawa wawili, pale miombo na kichaka vinapokutana, wanachanganyika na kuzaliana, au kila mmoja anabaki kwake. Kwa tulivyojua sisi, pa kujulia palikuwa mahali pamoja tu: kile kichaka cha Vihingo, kilichozungukwa na miombo pande zote.

Na kile kichaka kilikuwa makaburi ya kina Mzee Kondo.

Kwa wenyeji wa kule, kichaka cha makaburini hakikatwi, na kilicho hai ndani yake hakiuawi. Si ndege, si digidigi, si nyoka. Ndiyo maana kilikuwa bado kichaka wakati kila mahali pamekuwa shamba au tanuri la mkaa. Mama yake Mzee Kondo alikuwa amelala humo. Tulikwenda mara nyingi kusikiliza, hatukutega wavu hata siku moja, na Ndugu Temba, kwa heshima yake, hakulazimisha.

Kisha ikaja Operesheni ya kuhamia vijijini. Jamaa zake Mzee Kondo walikuwa wametawanyika kule Vihingo, nyumba hapa, nyumba kule, kila mmoja na mikorosho yake. Wakahamia kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zimepangwa mistari. Wengine walipenda, kisima kilikuwa karibu na shule ilikuwepo. Wengine walilia. Mzee Kondo hakufanya lolote kati ya hayo. "Nyumba inahama," aliniambia tu. "Kaburi ndilo halihami."

Haukupita muda kijiji kikapanga shamba la pamoja la mihogo, na udongo mzuri kupita wote ulikuwa chini ya kile kichaka. Habari ikamfikia Mzee Kondo kituoni, asubuhi, akiwa na ndege aliyechunwa nusu mkononi. Akaweka wembe chini. Sikuwa nimepata kumwona akimwacha ndege nusu.

Ndugu Temba akaja na wazo, na aliona kweli anamsaidia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, bwana mkubwa."

"Mzee Kondo, nikionyesha kwamba kiruwiji wa vichakani anazaa mle, na kwamba hawezi kukaa miombo, nitakwenda kwenye kikao cha kijiji niwaombe wapaache pawe pa uchunguzi. Watanisikiliza. Lakini siwezi kwenda na maneno. Lazima niwe na ndege mkononi. Dume na jike."

"Wa kichakani mle?"

"Wa mle mle."

Mzee Kondo akatazama mikono yake. "Yaani ili mama asilimwe," akasema polepole, "nikaue nyumbani kwake."

Mimi nilijifanya natafuta uzi.

Zikapita siku kadhaa. Halafu asubuhi moja nikamkuta Mzee Kondo amekwisha kuzikunja nyavu. "Twende, Zena. Mvua za vuli zinanukia. Wakianza kulima hakuna kikao kitakachojiunguza mkono kwa ajili ya ndege."

Tukatega ukingoni mwa kichaka, kwa ndani. Kabla ya kutega alinipeleka katikati, akanionyesha. Hapakuwa na jiwe wala jina, palikuwa na kisiki cha mkwaju na ardhi iliyotitia kidogo. "Kichwa hapa, miguu kule. Bibi yako huyo. Alikuwa mkali, usiongee sana." Nikamsalimia kwa sauti ndogo. Mzee Kondo akatabasamu, mara ya mwisho kwa siku ile.

Walinaswa wote wawili, dume kwanza, jike baadaye kidogo. Macho yao yalikuwa yale yale ya njano, yamekesha. Nilinyoosha mkono kumpokea mmoja, yeye akakataa. Akawashika wote, mmoja mkono huu, mwingine huu, akainuka, akaanza kutembea. Akatoka kichakani, akavuka njia ya miguu, akaingia upande wa pili kwenye miombo, akaenda mpaka kichaka kikawa hakionekani. Nilimfuata bila kuelewa. Hapo ndipo aliposimama, akageuza uso, akabana.

Nilielewa. Hakutaka kufanya lile jambo mbele ya mama yake.

Tulipompulizia jike manyoya ya tumbo, ngozi ilikuwa tupu, nyekundu, yenye joto. Anaatamia: ndege akiatamia hunyonyoka tumbo. Huo ndio ushahidi aliouhitaji Ndugu Temba, usingepatikana mzuri kuliko huo.

"Mzee," nikasema, "mayai..."

"Usinitajie, mwanangu."

Akakaa chini akaandika lebo kwa mwandiko wake ule mzuri wa shule ya zamani. Jike. Tumbo tupu, anaatamia. Ngozi ya jicho njano. Mahali: Vihingo, miombo, mashariki ya njia. Pale alipofia. Ndivyo alivyoandika miaka yote, na siku ile pia mkono ukafuata njia unayoijua. Mimi nilikuwa nikifikiria mayai yanavyopoa. Ndugu Temba alizipokea ngozi kwa furaha, akatazama koo, akatazama tumbo. Mahali alipajua, alitutuma yeye mwenyewe. Nani asome anachokijua?

Kikao kilifanyika kwenye darasa la kijiji kipya. Mwenyekiti alikuwepo, wajumbe, na bwana shamba, kijana mcheshi ambaye watu walimpenda. Ndugu Temba alizungumza vizuri. Alizilaza ngozi mbili juu ya khanga nyeupe, akaeleza koo, akaeleza kwamba huyu hawezi kuzaa popote ila kwenye kichaka, ukikata kichaka umemkata na yeye. Niliona mama mmoja anatikisa kichwa kwa huruma, moyo wangu ukaruka.

Bwana shamba akamwinua yule jike, akasoma karatasi ya mguuni. Akasoma tena.

"Ndugu mkuu, samahani. Hapa imeandikwa miombo, mashariki ya njia. Kichaka si kipo magharibi?"

Ndugu Temba akamnyang'anya kama vile ameungua. Akasoma. Akageuka. "Mzee Kondo, hawa umewatoa wapi?"

"Kichakani."

"Mbona umeandika miombo?"

"Wamefia miombo. Kazi yetu ni kuandika alipofia."

"Na kwa nini wafie miombo?"

Darasa zima lilikuwa likimtazama. Mzee Kondo alikuwa na kofia yake mkononi, anaizungusha. "Siwezi kuua mbele ya mama," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akakohoa. "Mzee wetu, tunakuheshimu, na mama yetu tunamheshimu. Lakini karatasi yako mwenyewe ndiyo inayokukana."

Nikainuka, mimi ambaye sijawahi kusema mbele ya watu kumi. "Nilikuwepo, ndugu Mwenyekiti. Wametoka kichakani, nimeona kwa macho yangu."

"Binti, wewe ni mwanafunzi wake," akasema bwana shamba, bila ubaya. "Utasema nini kingine? Na tuseme basi ni kweli, alitoka kichakani. Si anaatamia, na karatasi inasema miombo? Basi miombo anapaweza. Atahamia huko. Hata sisi tumehama."

Hapo ndipo watu walipocheka, kicheko kile cha watu waliochoka, na mambo yakaisha.

Ndugu Temba alitaka tukategee upya. Mvua ikanyesha usiku ule ule, na kesho yake mapanga yakaanza. Walichoma walichokata kikiwa bado kibichi, moshi wake tuliuona kutoka mbali tukirudi Kibaha juu ya lori la magunia. Mzee Kondo aliupa mgongo. Baadaye Ndugu Temba aligeuza zile lebo akaandika kwa nyuma mahali halisi, akatia sahihi yake. Kwa hiyo kumbukumbu sasa ni sahihi. Ni kichaka tu ambacho hakipo.

Nimesema hakuna aliyemlaumu Mzee Kondo? Nasema sasa. Ndugu Temba hakumlaumu, alijilaumu mwenyewe mpaka alipohamishwa. Mimi siwezi kumlaumu mtu kwa kuwa alikuwa mwaminifu kwa vitu viwili siku moja. Lakini yeye hakuhitaji msaada wetu katika hilo. Aliendelea na kazi. Alitengeneza ngozi nzuri kama zamani. Alichoacha ni kuongea. Nilikuwa nikimtania, "Mzee, leo umeamka kiruwiji wa vichakani, hutoki nje," naye ananitazama kwa upole, kana kwamba namwita kutoka ng'ambo ya mto.

Nilikwenda Vihingo mara nyingi miaka iliyofuata, kwa kazi. Mwaka wa kwanza nilimwona mmoja wa vichakani, ukingoni mwa shamba, kwenye miombo, juu ya tawi wazi kabisa mahali ambapo aina yake haikai. Hakuwa anapekua chochote. Safari iliyofuata sikumwona. Wa miombo wapo, wengi, wanakimbia kati ya mihogo, vifua mbele. Kama swali la Ndugu Temba lilikuwa nani anaweza kukaa kwa nani, nadhani nimelijibu, ingawa hakuna aliyekuja kuniuliza.

Mzee Kondo aliugua kifua. Alilazwa hospitali ya Tumbi, nami nilikuwa napita kila jioni na uji. Siku moja alikuwa na nguvu kidogo, akanishika mkono.

"Zena. Mama ana mihogo kichwani."

Nikataka kumwambia maneno ya kumtuliza, ndio tabia yangu, huwa nayo mengi. Siku ile nikakoroga uji tu.

"Nimeiona mwenyewe," akasema. "Imeota vizuri sana."

Tulimzika kwenye makaburi mapya ya kijiji, yaliyopimwa kwa kamba. Kaka zake waliuliza kama anaweza kupelekwa kwa mama yake. Wakaambiwa pale ni shamba.

Mwezi huu, baada ya kukabidhi funguo na kuwafungia ninyi ngozi zote kwa pamba, nilipanda lori la asubuhi nikaenda Vihingo bila kumwambia mtu. Shambani hapakuwa na mtu. Kisiki cha mkwaju kimeoza lakini kipo. Nilipima kwa hatua zangu: kichwa hapa, miguu kule. Juu ya kaburi ilikuwa imesimama mihogo michanga, miche ya mvua hizi, majani mapya. Sikutaka kuiharibu, ni chakula cha watu, tena watu wenye njaa. Nikachimba taratibu kwa mikono, nikaing'oa mmoja mmoja na udongo wake. Nikaibeba kwenye khanga mpaka mwisho wa shamba, palipokuwa na nafasi, nikaipanda tena yote, nikaishindilia udongo mashinani, nikaikatia majani ya kuikinga na jua.